Damu ya Dada Ilipopelekwa Ulaya

Dada yangu alirudishwa nyumbani adhuhuri, jua la kaskazi likiwa utosini, naye amejifunika blanketi la sufu mpaka kichwani. Nilikuwa uani nikitwanga. Nilimwona kwanza mama mkwe wake akiingia bila kupiga hodi, halafu shemeji yangu, kichwa chini, amemshika mkono mtu aliyevikwa lile blanketi. Nilidhani ni ajuza fulani wa kwao. Uso ulikuwa umevimba, macho yamekuwa madogo, midomo imekuwa mizito. Nikamwamkia shikamoo. Hakujibu. Nilikwisha kuushika mchi tena na kuendelea kutwanga, ndipo nikasikia sauti nzito kama ya mwanamume ikisema, "Mimi ni dada yako."

Mama alitoka na mkeka.

"Mkwe wangu, karibu kitako."

"Sikai," yule mama alisema. "Nimekuja kurudisha. Mwanangu alioa msichana anayecheka, anayekwenda kisimani mbio na kurudi mbio. Huyu jua lote hili hata jasho hana. Mshike."

Mama akamshika mkono. Niliona alivyouachia upesi, kisha akaona haya, akaushika tena.

"Na mtoto yuko wapi?"

"Mtoto yuko kwangu, kule Mabawa, na kwangu ndiko atakakokaa. Simlazi mjukuu wangu na kitu nisichokijua. Siku atakayorudi mwenyewe, atampata mtoto wake. Neno langu ndilo hilo."

Dada alifumbua mdomo. "Mwa..." alisema. Shemeji alisimama kumngoja, lakini mama yake akamvuta mkono wakatoka kwenda kulingoja basi. Mama alikwisha kuukunja mkeka na kuku walikwisha kurudi kwenye pumba zangu, ndipo dada akamaliza, "...nangu."

Yote yalitokea katika arobaini yake ya uzazi. Alijifungua salama kwa mumewe, mtoto wa kiume, akalazwa chumbani kama desturi, na desturi hairuhusu mzazi aachwe peke yake. Lakini siku moja jirani yao alifariki, wanawake wote wakakimbilia msibani, na dada akabaki na kichanga chake saa ya mchana mkali. Waliporudi walimkuta amekaa kizingitini, kichwa wazi, anatazama njia. Tangu siku hiyo akaanza kusikia baridi. Maziwa yakakatika. Nywele zikamtoka, na ncha za nyusi zake zikapukutika kama zimenyolewa. Akawa wa kulala, na asipolala ni wa kukaa.

Kwetu husemwa kwamba mtu akichukuliwa na wabaya, kinachoachwa nyumbani ni gogo lililovikwa sura yake. Mwenyewe huwekwa mahali pasipojulikana, ulimi umefungwa, akalimishwa shamba la aliyemchukua. Mama mkwe hakulitamka neno hilo siku ile mbele yetu, lakini sisi sote tulilisikia.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne na kukaa nyumbani, kwa hiyo kazi ya kushinda na dada ikawa yangu. Nina haya, sizoei kusema na watu, na hapo kabla dada ndiye aliyekuwa akinisemea. Sasa tukawa wawili tusiosema. Tulikaa uani chini ya mapaa, mimi nikisuka ukili wa mikeka, yeye akitazama kuku. Kuku hawakumwogopa. Walipita juu ya miguu yake kama wanavyopita juu ya mizizi. Nzi alipomtua shavuni hakumfukuza, au alimfukuza akiwa amekwisha kuruka. Mara nyingine nilimtuma jikoni kuleta kitu, nikamfuata baada ya muda na kumkuta amesimama katikati ya moshi, mwiko mkononi, macho wazi. Ngozi yake ukiigusa ilikuwa kama mtungi wa maji uliowekwa kivulini.

Siku moja asubuhi jirani yetu mmoja, Mdigo, mtani wa mama, alikuja kuomba moto. Akatuhadithia jinsi mumewe alivyoamka na usingizi wake akajifunga kanga ya mkewe akidhani ni kikoi, akajitanda na nyingine mabegani kwa sababu ya umande, akafika nayo mpaka gengeni.

"Vijana wakampisha njia," alisema. "Wakamwambia, shikamoo bibi!"

"Naye akajibuje?" mama aliuliza.

"Akajibu marahaba! Angefanyaje?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka. Dada aliwatazama kuku.

Adhuhuri jirani alikwisha kwenda zake, mama alikuwa ndani anasali, upepo umekufa, hata majani ya mnazi hayakusikika. Dada akacheka. Kilikuwa kicheko kizito, cha polepole, kikitoka chini kabisa, na uso wake haukubadilika. 

"Dada, unacheka nini?"

Alifikiri sana. "Shikamoo bibi," akasema.

Mama alitoka na kanga yake ya kusalia kichwani. "Nani anacheka huku?"

"Ni dada."

Mama aligeuka akarudi ndani. Akaenda kuchukua chupa.

Chupa hiyo lazima niieleze. Wiki chache baada ya dada kurudishwa, mama aliita mganga kutoka upande wa Muheza. Mganga alisema mwili una milango, na milango ya dada imeachwa wazi. Akamchanja chale shingoni, na kwenye vifundo vya mikono na vya miguu, akazisugua dawa nyeusi, akatuambia tuitazame ile alama, ikififia tujue mlango umefunguka. Chale za shingoni zikatunga usaha. Mama alikuwa mtu safi asiyependa kidonda, akanunua aidini dukani, ile dawa ya kahawia inayowasha, akazipaka. Usaha ukakauka, chale zikapona. Lakini ile alama nyeusi ya mganga ilikuwa imekwisha kuoshwa pamoja na usaha, na mama aliogopa kumwita tena. Basi ile rangi ya aidini akaifanya ndiyo alama. Akawa anampaka asubuhi shingo nzima, mkanda mpana wa kahawia, na vifundo vyote. Jioni akitazama, rangi imetoweka. Anapaka tena. Asubuhi haipo.

"Inainywa," aliniambia siku moja kwa sauti ndogo, kidole chake kikiwa juu ya shingo ya dada. "Ngozi inainywa dawa hii. Hebu niambie, inakwenda wapi?"

Dada alikuwa ananitazama.

Shemeji hakumsahau mkewe. Alikuwa na kazi kwenye reli, na kila Ijumaa alikuja kwa baiskeli na sukari au kipande cha sabuni, bila mama yake kujua. Alikuwa akikaa mbele ya dada, anamweleza mtoto ameota jino, ameanza kutambaa, ana ukorofi wa kuvuta ndevu za babu. Dada alisikiliza bila dalili ya kusikiliza. Ijumaa moja alikuja na habari nyingine.

"Mama," alimwambia mama yangu, "nimesema na nesi mmoja hospitali ya mjini. Nimemweleza baridi hii, na sauti, na nywele. Amesema pengine ni ugonjwa, na unapimwa kwa damu."

"Na mama yako?"

"Nimemwambia usoni. Amekubali. Amesema damu haiwezi kudanganya. Wakiipima damu yake wakauona huo ugonjwa, basi ni yeye, na mtoto atamleta mwenyewe kwa mikono yake. Wasipouona, nisimtaje tena nyumbani kwake."

Mama alimtazama dada. Kisha akasema, "Basi na apimwe."

Asubuhi ya kwenda, mama alimsugua dada shingo kwa ndimu na sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu. "Wakijua tumeanza kwa mganga watatufokea," alisema. "Chale kila mtu anazo, hawataziuliza. Lakini rangi hii wataiuliza. Weye nawe usiseme kitu." Mimi wa kuambiwa nisiseme!

Daktari alikuwa Mhindi mzee, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kwa hiyo nesi ndiye aliyekuwa kinywa chake. Nesi alikuwa Mbondei, mnene, mwenye maneno.

"Mmemfunga mtu kama robota la mkonge!" alisema akilifungua blanketi. "Haya, dada, tukuone."

Daktari alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akaendelea kuitazama kwa muda mrefu. Akampapasa chini ya koo. Halafu akamwambia apige magoti juu ya kiti, miguu ining'inie nyuma, na akatoa kinyundo cha mpira. Alinipigia mimi kwanza nione. Akanigonga juu ya kisigino, mguu ukaruka na kurudi mara moja, mimi mwenyewe sikuuamuru. Kisha akamgonga dada. Mguu wa dada uliruka kama wangu. Lakini haukurudi. Ulibaki pale juu, kisha ukaanza kushuka taratibu, taratibu, kama mguu wa mtu aliye ndani ya maji mengi. Daktari akagonga tena, na tena ukashuka vilevile, na mimi nikawa natazama ukuta nisiuone.

Nesi alitueleza. Chini ya koo la kila mtu mna tezi, umbo lake kama kipepeo amekunjua mabawa. Hiyo ndiyo inayouchochea moto wa mwili. Ikifanya kazi kupita kiasi mtu hukonda, hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio. Ikilegea, mtu hupoa: moyo, tumbo, sauti, hata fikira. "Daktari anasema ya huyu imelala. Wengine hupatwa na hali hii baada ya uzazi. Lakini anataka kuwa na hakika, na hapa hatuna chombo cha kuipima. Damu itapelekwa Ulaya."

"Ulaya!" mama alisema. "Kwa miguu ya nani?"

"Kwa ndege, mama. Chupa ndogo tu."

Damu ya dada ilikuwa nyeusi machoni pangu, na ilipanda kwenye sindano bila haraka. Dada aliitazama. Nesi alikwisha kuifunga chupa na kuondoka nayo, mlango umekwisha kufungwa, ndipo dada akauliza, "Yangu?"

Tulingoja masika yote. Kisimani wanawake waliacha kusema nilipofika, kisha mmoja akashindwa kujizuia. "Damu imepanda ndege na mwenyewe hajafika hata Pemba!" Wakacheka. Lakini nilipokuwa nikijitwika ndoo nilimsikia mwingine akimnong'oneza mwenzake habari za mumiani, wanaouza damu za watu, na nikaenda haraka mpaka maji yakanimwagikia.

Katika siku hizo nilianza kuwa na wazo ambalo sikumwambia mtu. Nilimwona dada amegawanyika. Mmoja yuko shambani kwa mtu nisiyemjua, analima. Mmoja yuko ndani ya chupa, nchi ya baridi. Na mmoja yuko hapa karibu nami, chini ya mapaa mvua ikinyesha, na huyo ndiye nisiyemwamini. Nilipomlisha nilitazama kama anameza.

Majibu yalipofika shemeji alileta habari, na siku ya kwenda mama mkwe naye alikuja hospitali. Alikaa benchi moja na sisi, mbali kidogo na dada. Alikuwa amevaa buibui jipya. Mtoto hakumleta.

Chumbani daktari alikuwa na karatasi mbele yake. Aliisoma, akamtazama dada aliyekaa na blanketi lake, akaisoma tena. Alisema neno kwa nesi. Nesi akamwuliza, naye akarudia. Mama mkwe akasogea.

"Karatasi inasema nini, mwanangu? Sema kwa Kiswahili."

Nesi alisitasita. "Inasema... tezi yake haikulala. Kwa hesabu hii inafanya kazi kupita kiasi. Kupita sana. Hii ni damu ya mtu ambaye moyo unamwenda mbio, mtu anayetoka jasho."

Mama mkwe aliinuka.

"Mmesikia," alisema. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi. "Mmesikia wenyewe. Anatoka jasho. Anafanyishwa kazi. Nilisema mimi, mwenyewe analimishwa. Hiyo ndiyo damu yake, na huyu hapa siye."

"Mkwe wangu!" mama alisema, lakini sauti yake ilikuwa imekufa, na niliona kwamba hata yeye ameliamini. Alikuwa anamtazama dada kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia usiku. Shemeji alifunika uso. Mimi nilikuwa karibu na dada kuliko wote, mkono wangu umegusana na wake, nikauondoa. Niliuondoa kabla sijafikiri.

Daktari hakuelewa maneno yetu lakini aliziona nyuso zetu. Akamwambia dada apige magoti tena kwenye kiti. Akagonga. Mguu ukaruka, ukakaa, ukashuka kama unazama. Daktari akatikisa kichwa. Akasema na nesi, na nesi akamwuliza mama:

"Daktari anasema mguu huu na karatasi hii haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Lazima kimoja kina sababu. Kabla ya kutoa damu, alikunywa dawa yoyote? Dawa ya kikohozi? Dawa ya minyoo? Chochote?"

"Hakunywa kitu," mama alisema. Na kweli hakunywa.

"Chochote, mama?"

"Kitu gani? Hakunywa."

Mama mkwe alikuwa ameshika mlango. Shemeji aliinuka amfuate. Daktari aliikunja karatasi, nesi akaita jina la mgonjwa anayefuata, na mtu mmoja mwenye bandeji akachungulia. Ikawa kama mambo yamekwisha. Hapo ile sauti nzito ikatoka kitini.

"Ai..."

Wote tuligeuka. Dada alikuwa bado amepiga magoti, ametupa kisogo, anasema na ukuta.

"...di..." Akavuta pumzi. Hakuna aliyesogea. "...ni."

Kisha, baada ya muda ambao mtu angeweza kuvuka uwanja na kurudi, "Mama ananipaka. Kila siku. Shingoni."

Nesi alimfunua shingo. Safari hii mama hakuwa amesugua vizuri, asubuhi tulichelewa basi, na chini ya sikio ule mkanda wa kahawia ulionekana. Daktari aliinama akaunusa. Akarudi kwenye kiti chake, akapiga paji la uso kwa kiganja, akasema mengi kwa haraka.

"Ngojeni, ngojeni, nawe bi mkubwa, rudi," nesi alisema. "Sikilizeni. Ile dawa inayotoka kwenye tezi ndani yake mna aidini. Huko Ulaya hawawezi kuiona dawa yenyewe, kwa hiyo wanapima aidini iliyomo katika damu, kisha wanakisia. Ni kama mtu anayetaka kujua wamo wageni wangapi ndani ya nyumba, anahesabu viatu mlangoni. Viatu vingi, watu wengi. Sasa ninyi mmekuja mkamwaga gunia zima la viatu mlangoni. Aliyehesabu kule mbali atajuaje? Ameandika nyumba imejaa."

"Na ndani?" mama mkwe aliuliza.

"Ndani ni karibu tupu."

"Ndivyo ninavyosema mimi tangu mwanzo!"

"La, bi mkubwa! Tezi, si mtu! Mtu yumo." Nesi alishika kiuno. "Aliyejibu sasa hivi ni nani? Gogo? Sisi watu wazima wenye miguu tumekaa hapa tumefunga midomo, na huyu ndiye aliyejibu."

Mama mkwe aliingia ndani tena, akaketi.

Daktari alitoa vidonge vidogo. Vilitengenezwa kwa tezi ya kondoo iliyokaushwa. Aanze na kipande, kisha aongezewe kidogokidogo, kwa sababu moyo uliopoa haufai kushtuliwa. Aidini iachwe kabisa. Damu itapimwa tena baadaye sana, mwili ukishajisafisha.

"Kondoo huyo alichinjwa na nani?" mama mkwe aliuliza.

"Mgonjwa ana ruhusa, bi mkubwa, unaijua dini kuliko mimi."

"Najua. Nimeuliza tu." Akainuka. "Mimi nilisema damu, na damu bado haijasema. Mtoto atakaa kwangu mpaka isemwe."

Jioni ile ya kwanza bila aidini mama alikaa mlangoni mwa chumba cha dada, chupa imewekwa mbali juu ya kabati, macho yake kwenye ile shingo tupu. Alipoona jua linazama akaanza kusoma aya alizozijua, na mkono wake ukawa unakwenda shingoni mwa dada na kurudi. Hakupaka. Lakini chupa hakuitupa.

Siku nyingi hazikuwa na mabadiliko. Kila mchana nilimwambia apige magoti kwenye kigoda, nikamgonga kisigino kwa mpini wa mwiko. Mguu ulishuka polepole. Halafu siku moja niliona kama umeshuka upesi zaidi, nikadhani ni macho yangu. Siku nyingine alilivua blanketi mwenyewe, akaliweka chini akilitazama kana kwamba ni la mtu mwingine. Uso ukaanza kupungua, kila wiki kidogo, na chini ya uso ule ukawa unajitokeza mwingine, kama kitu kinachopanda kutoka chini ya maji, na hilo lilinitia hofu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sikujua utakapomaliza kupanda utakuwa uso wa nani.

Sauti iliporudi aliniambia jambo. Tulikuwa uani, nasuka.

"Nilikuwa nasikia yote," alisema. "Nilikuwa najibu. Mlikuwa mnaondoka kabla sijamaliza."

Nikaacha ukili.

"Na niliwaogopa. Mlikuwa mnakimbia. Midomo yenu inakwenda kama midomo ya ndege, siwezi kuishika. Mama alikuwa hapa, mara yuko kule, sikumwona akipita katikati. Nikasema moyoni, hawa wamechukuliwa. Hawa si watu wangu."

"Hata mimi?"

"Wewe uliutoa mkono wako," alisema. Hakulisema kwa uchungu. Kisha akaniambia nimpe ukili anisaidie, na vidole vyake vikaanza.

Damu ya pili ilikwenda na kurudi. Safari hii hesabu ilikuwa katikati, pale panapotakiwa, na daktari alieleza kwamba inaonyesha vidonge vinatosha. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo karatasi imesema ni yeye."

Nesi alimwuliza daktari. Daktari alitabasamu, akatikisa kichwa.

"Anasema karatasi haijui ni nani. Inajua tu moto unawaka kiasi gani."

"Basi nani atasema?"

Aliukaza ukaya wa buibui lake. "Ijumaa," alimwambia mama yangu, "mleteni Mabawa."

Tulikwenda. Nyumba ilikuwa imefagiwa, watu wametolewa. Mama mkwe hakumwamkia dada wala kumtazama usoni. Alimwongoza mpaka chumba kilekile cha uzazi, akamketisha kitandani. Halafu akamleta mtoto, mkubwa sasa, anatembea, hajui huyu ni nani, akamweka sakafuni katikati ya chumba, akatoka, akavuta mlango.

Tulisimama ukumbini, yeye, mama, shemeji na mimi. Mtoto alipiga yowe. Alilia kilio cha kuchomwa, akaugonga mlango kwa viganja vyake vidogo. Shemeji akanyosha mkono. Mama yake akauzuia. Kilio kikaendelea, kikawa cha kukwama kooni, na ndani yake hatukusikia sauti ya mtu mzima hata moja, wala hatua, wala neno.

Kisha kikakatika. Hakikufifia, kilikatika.

Tuliangaliana. Nilimwona mama mkwe akifumbua mdomo na kufumba, uso umemwisha damu, na nikajua anafikiri nilichokuwa nafikiri mimi. Hakuna aliyethubutu. Sijui ni nini kilichonisukuma, mimi ninayeogopa hata kuita hodi, lakini mkono uliousukuma ule mlango ulikuwa wangu.

Dada alikuwa amekaa chini, miguu ameinyosha. Mtoto alikuwa amesimama kati ya magoti yake, machozi yako mashavuni, kimya, anagusa kwa kidole kimoja nyusi za mama yake zilizokuwa zinaota upya. Aligusa ile ya kulia, akahamia ya kushoto. Dada alikuwa amefumba macho, anangoja, kama mtu aliyezoea kungoja muda mrefu zaidi ya huo.

Akafumbua macho.

"Funga mlango huo," alisema kwa ukali na kwa haraka. "Upepo unampiga mtoto."

Nilibaki nimeshika kitasa. Nyuma yangu mama mkwe alivuta pumzi, akaniwekea mkono begani.

"Funga," alisema. "Mama yake amesema."